Mazoezi ya Kuandika No

Ninyi mnaobaki na kampeni mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijarudisha ufunguo wa stoo. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza yalitoka kama maelekezo ya mashine ya kufulia, mara ya pili nikajisifu, mara ya tatu nikajitetea. Haya ni ya nne, na nimejiwekea sharti kwamba sitayasahihisha zaidi ya mara mbili. Wanaonijua watacheka.

Nina miaka thelathini na mbili. Bi Zuhura anasema mtu wa umri huo hastaafu, anachoka tu halafu anatafuta jina la heshima. Lakini nimefanya kampeni tangu nikiwa na miaka ishirini, za jimbo na za halmashauri, na moja ya swali la ndiyo au hapana, na sitafanya nyingine. Wagombea wetu walioshinda mnawajua, na walishinda bila kunihitaji sana. Nataka niwaeleze jinsi tulivyoupoteza ukumbi. Kila mtu anajua kwamba tuliupoteza. Kwa nini, tunajua mimi, Mama na Bi Zuhura.

Nianze mwanzo. Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya kusahihisha. Niliona bango kwenye kioo cha duka la vitambaa pale Granville, hapa Sydney, Kiswahili chake kimekosewa mahali pawili, nikashindwa kulala nalo. Nikapiga namba iliyokuwa chini yake. Aliyepokea alikuwa Bi Zuhura, mwenye duka, mtu wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyewapanga wasaidizi wetu wote wa kampeni upande huu wa mji. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Una gari?"

"Sina."

"Una miguu?"

"Ninayo, Bi Zuhura."

"Basi Jumamosi saa moja kamili, lango la shule. Utakuja kunisahihisha ukiwa umesimama."

Ulikuwa uchaguzi wa jimbo. Nilifika saa kumi na mbili u nusu, nikiwa na tepu ya fundi mfukoni. Kanuni inasema hairuhusiwi kugawa karatasi ndani ya mita sita kutoka mlango wa kituo, na mimi wiki nzima nilikuwa nimezisoma kanuni zote wakati wa mapumziko, jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi mpaka leo. Hakuna aliyenifundisha kazi hii darasani. Nilipiga magoti kwenye lami nikaanza kupima.

"Unampimia nani kaburi?" Bi Zuhura aliuliza.

"Mita sita, Bi Zuhura. Tukisogea hapa tunavunja sheria."

"We mtoto, watu wanaingia. Simama."

Siku ile alinifundisha kutazama viatu. Mwenye viatu vya kazi ana haraka: mpe ile karatasi ya kumwonyesha jinsi ya kuwapanga wagombea kwa namba, taja jina la mgombea, basi. Mwenye ndara ametoka nyumbani na ana muda, muulize habari. Anayetazama chini asije akakutana na macho yako, mwache apite, na umwambie asubuhi njema kama vile amepokea. Wasaidizi wa mgombea mwingine wakikosa kivuli, wakaribishe chenu, kwa sababu siku hiyo ni ndefu na kesho mtakutana dukani. Na kila shule alipofika alikwenda kwanza kwa wazazi wanaochoma soseji kuuliza kama ni halali. Hazikuwa. Akanunua mkate wenye vitunguu vitupu, akala akiwa amesimama, akasema hajapata kuona nchi inayomuuzia mtu vitunguu kwa ajili ya shule na bado akashukuru.

Kuhusu vifaa: kwenye stoo mtakuta sanduku la kijani. Lina mikasi miwili, kalamu za wino mweusi, mafuta ya jua, kofia za akiba, na vile vikanda vya plastiki vya kufungia mabango kwenye uzio. Msivikate kwa meno. Nina jino lililovunjika upande wa kushoto, na hiyo ndiyo historia yangu yote ya kampeni ya pili.

Kampeni ya tatu ilikuwa ya halmashauri, kule Penrith, kwenye nyumba zenye uwanja mbele na mbwa nyuma. Nilipangwa kugonga milango pamoja na Mama Leokadia. Huyu ni rafiki wa mama yangu tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Walipanga foleni moja ya maharagwe kwa miaka, wakaletwa Sydney mwaka uleule. Hapa anafanya usafi hospitalini. Tulianza saa tatu asubuhi. Tulisimama nje ya kila geti tukaita hodi, tukangoja tukaribishwe, kama watu waliolelewa. Kufika saa sita tulikuwa tumezungumza na mbwa wengi na mwanamume mmoja aliyekuwa akimwagilia majani. Ndiye aliyetuambia, kwa upole, kwamba tufungue geti tuingie tugonge mlango.

"Kufungua geti ya mtu?" Mama Leokadia aliniuliza. "Akitoka aseme nani alikuambia uingie?"

"Hapa ndivyo wanavyofanya, Mama."

Alifungua. Kila geti alilifungua kwa vidole viwili na kulifunga nyuma yake bila kulifanya litoe sauti. Jioni niliandika kwenye daftari langu: wafundishwe kufungua geti. Nililipigia mstari. Daftari hilo ninalo bado, na ukilisoma huwezi kujua kwamba mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alitetemeka mchana kutwa.

Sasa ukumbi.

Wengi wenu mlikuwa wadogo. Ulikuwa ukumbi wa matofali, mali ya halmashauri, wenye jiko la plate nane na kabati la sufuria ambalo ufunguo wake walikuwa nao akina mama wa kikundi cha Mama. Sitaitaja halmashauri, na wala haikufanya kosa lolote. Kwenye fleti huwezi kuweka matanga. Watu mia wakija kukaa nawe siku nne, wakiimba, magari yao yakiziba njia ya jirani, mtu atapiga simu tu. Ukumbini hakuna aliyepiga simu. Baba yangu tulimlilia pale. Mama alilala sakafuni kwenye magodoro na wenzake wamemzunguka, na asubuhi alikuta uji umeshapikwa. Aliniambia baadaye kwamba kama ingekuwa ndani ya fleti, angekufa na yeye.

Halmashauri ikaamua kuwauliza wakazi, siku ya kuchagua madiwani, kwa karatasi ya pembeni: je, ukumbi na kiwanja chake viuzwe ili kusaidia kujenga bwawa jipya la kuogelea? Kwenye kisanduku unaandika Yes au No. Bwawa si kitu kibaya. Mpwa wangu, ambaye anasikia kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, aliniambia kwamba waliokufa hawahitaji jiko.

Bi Zuhura alikuwa ameanza kuumwa magoti. Akanikabidhi kampeni ya kuuokoa ukumbi.

Nilifanya kazi ile kama mtu anayefanya mtihani. Nilichapisha karatasi za mazoezi, kisanduku cha ukubwa uleule, juu nimeandika MAZOEZI ili nisivunje kanuni yoyote. Jumapili nne, baada ya ibada, niliwaketisha akina mama kwenye meza ndefu za ukumbi wenyewe. Wengine walikuwa hawajawahi kuandika neno la Kiingereza. Nikawafundisha N, nikawafundisha O. Mama yangu alijua zaidi kwa sababu alikuwa amesoma darasa la watu wazima kule Fairfield, ingawa mpaka leo E yake ina meno manne kama kitana. Mwalimu alimsahihisha, mimi nimemsahihisha, na yeye husema ya kwake ndiyo imara.

Niliwatisha kidogo pia. Nakiri. Nilihofia wasiende kabisa, kwa hiyo kila Jumapili nilirudia: jina lako lipo kwenye orodha ya serikali. Wataliona. Usipokwenda, barua ya faini itakuja nyumbani. Ni kweli tupu, ndiyo sheria. Nililisema kwa sauti ya mtu wa ofisini, na walitikisa vichwa.

Jumapili ya mwisho Mama Leokadia aliinua mkono.

"Na jina yangu itakuwa juu ya hiyo karatasi?"

"Hapana, Mama. Jina liko kwenye orodha tu, wanaliwekea alama."

"Na hiyo orodha, nani anabaki nayo?"

"Wao. Mama Leokadia, tuendelee, tuna dakika kumi tu kabla Wasamoa hawajaingia kwa mazoezi ya kwaya."

Akashusha mkono. Nikakusanya karatasi. Zote zilikuwa No. Nilizipitia mara mbili, hakuna hata moja iliyokosewa, na nikahisi kitu ninachokihisi mara chache sana, kwamba hakuna kilichobaki cha kurekebisha.

Bi Zuhura alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake. Nilipokuwa namsaidia kuingia kwenye gari akasema, "Wamekukubalia upesi mno."

"Si ndiyo vizuri?"

"Dukani kwangu, mteja akikubali bei ya kwanza najua harudi. Waulize wanaogopa nini."

"Hawaogopi, Bi Zuhura. Wamefanya mazoezi mara nne."

"Mimi nimesema uwaulize. Wewe unanijibu."

Nilikwenda nyumbani nikabadilisha ukubwa wa herufi kwenye kipeperushi. Hilo ndilo nililolifanya na jioni ile.

Siku ya kura ilikuwa ya jua. Akina mama walikuja pamoja, wamevaa vitenge vya harusi, na kila mmoja ameshika bahasha ya plastiki. Nilijua zilizomo: cheti cha uraia, kadi ya chanjo, picha za pasipoti, karatasi ya kambini iliyokunjwa mpaka ikakatika. Nikaona aibu kidogo mbele ya wasaidizi wengine. Nikamwambia Mama, kwa mzaha, kwamba hapa hawaulizi hata kitambulisho. Akasema anajua. Bahasha hakuiweka. Walipokuwa wanaingia alinishika mkono akanibana mara moja, kwa nguvu. Nikadhani ananitia moyo.

Ndani kulikuwa na kijana mpole mwenye kizibao cha rangi, orodha mbele yake. Aliwauliza kila mmoja maswali matatu yanayoulizwa kila mtu: jina lako nani, unakaa wapi, umeshapiga kura mahali pengine? Akachora mstari. Akatoa karatasi. Niliyaona yote kupitia dirisha nikiwa mita sita na ushei, na nilichokiona ni foleni inayokwenda vizuri.

Walitoka pamoja. Mama Leokadia aliniambia, "Tumemaliza, mwanangu," na wakaenda kituo cha basi. Hawakusimama hata kuzungumza.

Mgombea mmoja aliyekuwa upande wetu alikuwa ameniandikisha kuwa wakala wake, ambaye kazi yake ni kusimama mezani milango ikifungwa na kutazama kura zinavyohesabiwa. Unatazama, hugusi. Saa kumi na mbili jioni wakamwaga karatasi za swali mezani na kuanza kuzigawa marundo mawili. Rundo la Yes lilikua haraka kuliko nilivyotegemea. Nikasogea. Nyingi zilikuwa za mwandiko wa kawaida wa watu wanaotaka bwawa. Halafu zikaanza kuja nyingine, kwa herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka karatasi imetoboka kidogo, za mtu anayechora herufi badala ya kuiandika. YES. YES. Sikuwa nimewafundisha Y. Sijui waliitoa wapi. Nadhani walifundishana wenyewe, kwenye basi au jikoni kwa mtu, mimi nisipokuwepo.

Kisha ikaja moja yenye E ya meno manne.

Msimamizi aliniuliza kama nina pingamizi. Kura ilikuwa halali, imeandikwa wazi, ndani ya kisanduku. Nikasema sina. Zilizofuata sikuzihesabu, na ni mara pekee katika kazi hii nimeacha kuhesabu kitu. Tulishindwa kwa kura chache, chache kuliko viti vya ule ukumbi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosa mara moja tu. Lakini asubuhi yake nilikwenda kwa Mama. Alikuwa akimenya ndizi. Sikukaa hata chini.

"Mama, jana uliandika Yes."

Kisu kikasimama. "Nani amekuambia?"

"Niliiona. Nilikuwa mezani wakihesabu. Nimeijua E yako."

Aliimaliza ndizi aliyoishika, akaichovya kwenye maji, akachukua nyingine.

"Yule kijana alikuwa na kizibao," alisema. "Ameniuliza jina. Ameniuliza nyumba. Ameniuliza kama nimepita mahali pengine. Amechora kwenye orodha. Halafu ananipa karatasi ya serikali, naiandikia No? Mimi?"

"Lakini kwenye mazoezi uliandika."

"Kwenye mazoezi ulikuwa wewe. Wewe ulitaka No."

Nilikaa.

"Unamkumbuka Mzee Stanislas?" akauliza. Nilimkumbuka. Alikuwa jirani yetu kambini, akitengeneza redio. "Wale wenye vizibao kambini walimuuliza kama anakubali kupelekwa nchi yoyote. Akasema No, yeye anataka kwa kaka yake. Faili lake halikurudi tena. Sisi wametuuliza swali hilohilo. Wewe ulikuwa mdogo, uko pembeni yangu, nimekuambia nikikubana mkono useme Yes. Nimekubana, umesema. Sasa niko hapa namenya ndizi."

Ningewezaje kusahau? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Chumba kile nakikumbuka mpaka feni yake. Nakumbuka vidole vyake. Nilikuwa nimeandika vipeperushi kwa miaka kwa ajili ya watu waliotoka kambini, na mimi ni mmoja wao, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja kilichompata mtu wa mwisho aliyemwona akimwambia mwenye kizibao hapana.

"Na ukumbi, Mama? Ulitaka uuzwe?"

"Baba yako nimemlilia wapi?" Sauti yake haikupanda. "Nilifikiri wengine wataandika No. Waliozaliwa hapa. Nilifikiri watatosha."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ni kubwa zaidi. Badala ya kunyamaza na kumsaidia kumenya, nikaanza kufundisha. Nilimweleza upya, polepole, kama ninavyowaeleza wazee kazini. Kwamba karatasi haina jina. Haina namba. Inachanganywa sandukuni na maelfu ya nyingine. Kwamba hakuna mtu yeyote katika nchi hii anayeweza kujua yeye ameandika nini.

Mama alinitazama.

"Wewe umejua," alisema.

Jibu lake nimelitafuta kwenye kanuni zote mpaka leo, na halimo.

Ukumbi uliuzwa. Bwawa lilijengwa, ni zuri, mpwa wangu ameshapata medali. Matanga sasa tunaweka gereji kwa Mama Leokadia, na saa tatu usiku tunanyamaza kwa ajili ya majirani. Yeye hajawahi kuniambia aliandika nini, nami sijamuuliza. Kitu kimoja hicho nimejifunza. Bi Zuhura nilimweleza kila kitu nikitegemea atanigombeza. Alikunja kitambaa alichokuwa akikipima, akasema angepaswa kuwauliza yeye mwenyewe, yanayomuuma ni magoti, si mdomo. Tangu siku hiyo hajanitania kuhusu tepu.

Baada ya hapo nilifanya kampeni mbili zaidi, na niliuliza maswali mengi kuliko niliyojibu. Mkitaka kujua, zilikwenda vizuri. Mama alikwenda kupiga kura mara zote mbili, kwa kuwa faini ni faini. Mara zote mbili aliniambia kwamba ameikunja karatasi bila kuandika kitu, akaitia sandukuni safi. Alinieleza bila kinyongo, kama mtu anayekueleza kwamba siku hizi hali chumvi.

Sasa uchaguzi wa jimbo unakuja, na mmekuwa mkiniuliza kama nimechoka, au kama tumegombana na Bi Zuhura. Hatujagombana. Mwezi uliopita nilikuwa kwa Mama, barua ya tume ya uchaguzi iko mezani, ile ya kumkumbusha kituo chake. Aliigeuza upande huu na upande ule.

"Na safari hii," aliuliza, bila kunitazama, "utakuwepo pale wanapohesabu?"

"Hapana, Mama. Sitakuwepo."

"Mahali popote?"

"Mahali popote. Nimeacha."

Aliivuta ile barua karibu yake. Kisha akainuka, akaenda chumbani kutafuta miwani yake ya kusomea.